Ponti ya Koko, Magoti ya Madame

Wandugu wa garaji, tangu nirudi, miezi sasa, mnaniuliza jambo moja tu: ipi imeshinda? Mama yangu alivunjika mguu, vita ilikuwa barabarani, nilikula siku nne kwenye njia ambayo zamani tuliimaliza kwenda na kurudi kwa siku moja, na ninyi mnataka kujua kama mbele ya gari ni bora ponti au magoti. Sikasiriki. Ningekuwa ninyi, ningeuliza vilevile. Lakini nikijibu kwa neno moja nitakuwa mwongo, kwa hiyo kaeni niwape njia yote. Habari ya ruhusa na mihuri naiacha, maana hakuna kati yenu ambaye hajasimama kwenye ofisi zile mpaka miguu ikavimba.

Kama kuna mgeni kati yenu: mimi ni Kambale, fundi wa hapa Butembo. Jeep yangu ni kuukuu na jina lake ni Koko, kwa sababu ni babu wa gari zote za mtaa. Mbele yake kuna ponti, chuma kimoja kizima kinachoshika gurudumu la kushoto na la kulia, kama watu wawili waliobeba jeneza: mmoja akijikwaa, mwenzake lazima ajue. Shemeji yangu Sadiki, mfanyabiashara mzaliwa wa Beni anayekaa hapa Butembo, aliyemwoa dada yangu Kavira, ana jeep mpya tunayoiita Madame. Madame haina ponti mbele. Kila gurudumu lina mkono wake na linajikunja peke yake, ndiyo maana garajini tunasema gari ina magoti. Gurudumu moja likiingia shimoni, la pili halina habari. Kwa miaka mitatu mimi na Sadiki hatujanywa chai bila kubishana juu ya jambo hili, na Kavira amekwisha kutufukuza sebuleni mara nyingi.

Butembo mpaka Beni

Ujumbe ulikuja Jumatatu kwa phonie, ile redio ya mapadri. Mama alikuwa Eringeti kwa mjomba wangu, mdogo wake, alikwenda kusaidia kuvuna mpunga. Risasi zikalia upande wa msitu, watu wakakimbia, na yeye akaanguka kwenye mfereji. Paja limevunjika, karibu na nyonga. Bahati ni kwamba hapa Butembo alikuwapo daktari mgeni wa mifupa. Bahati mbaya ni kwamba ndege yake ya kuondoka ilikuwa Jumamosi mchana. Muuguzi wa Eringeti hakuzungusha maneno: kama daktari huyo hamshiki mama kabla ya kuondoka, mama hatatembea tena.

Ninyi mnamjua Mama. Ni mtu anayekwenda shambani na homa. Nilimwona akilini amekaa mlangoni mwaka baada ya mwaka, akiomba apewe hata maji, na nikalia mbele ya yule kijana wa phonie bila aibu.

Wakati ule nchi ilikuwa imekatwa vipande, kila kipande na mabwana zake, na kwenye barabara ya Eringeti gari moja haikutembea peke yake. Hiyo ilikuwa sheria ya madereva, si ya serikali. Mnakwenda wawili, na ukimkuta mwenzako amekwama humpiti: unashuka, unashika jembe, hata kama humjui na hata kama jana alikutukana. Kabla sijamtafuta wa kwenda naye, Sadiki alikuwa mlangoni na Madame, viti vya nyuma amekwisha kuving'oa ili godoro lienee. Sikumwomba. Nataka mlijue hilo mapema, maana huko mbele nitaonekana vibaya.

Tuliondoka Jumanne. Kushuka mlima wa Kabasha kulikuwa kukavu siku ile. Madame ilikuwa inateleza mbele yangu kama mama mwenye mtungi kichwani, na mimi nyuma yake Koko inanipiga figo. Fundi wa kweli atasema si kosa la ponti peke yake, zile lame za Koko, springi za vyuma bapa, ni ngumu pia. Sawa. Lakini figo hazikuuliza.

Sasa lazima niwaambie jambo kuhusu Madame. Miezi michache nyuma, Sadiki aliniletea akilalamika kwamba inalala tumbo. Na ni kweli, huo ndio ugonjwa wa magoti: ukipakia, mbele inazama na tumbo linafika matopeni, wakati ponti haishuki, iko palepale. Chini ya Madame kuna vyuma viwili virefu vya kusokota vinavyobeba uzito wa mbele. Ukikaza bulo zake, yaani bolti, mbele inapanda. Nikakaza. Sadiki akasimama kando akisema ongeza, nami nikaongeza, halafu nikaongeza tena bila kuambiwa. Nilijua ubaya wake. Kardani, ule mkono unaopeleka nguvu kwenye gurudumu, unabaki umepinda wakati wote. Mpira unaoufunika unachanika, grisi inatoka, matope yanaingia. Nilijua, na nilicheka moyoni kuona gari ya magoti inajinyoosha ili ifanane na Koko. Zikumbukeni bulo hizo.

Beni mpaka Oicha

Tulilala Beni, Jumatano asubuhi tukaelekea kaskazini. Hatukufika mbali. Kwenye bariere ya kwanza, kizuizi cha jeshi, baada ya mji, askari mmoja aliiona Madame imesimama juu vile, akapiga saluti, halafu akakataa kuinua mti uliofunga njia.

Tulifikiri anataka kitu. Sadiki akatoa sabuni, askari akaikataa. Ilituchukua saa nzima kuelewa. Yule kijana, aliyeletwa hapa na vita kutoka Equateur na hajui mtu, alikuwa ameamua kwamba gari iliyoinuka namna ile ni ya mkubwa tu, na kwamba mkubwa akipita bila kupokewa na komanda wake, atakayefungwa ni yeye. Komanda alikuwa amekwenda kuoga mtoni. Sadiki akaapa kwamba yeye anauza chumvi na vitambaa. Askari akacheka kwa heshima. Wakubwa, alisema kwa Kilingala chake, siku hizi wote wanajificha hivyo.

Tulikaa pale mpaka jua likapita kichwani. Nilikuwa nimeshikwa na hasira ya kulia, kwa sababu Jumamosi haikuwa inangoja komanda aoge. Yule askari akatuona, akatugawia kwanga, ule mkate wa muhogo, aliyotumiwa na mwanamke mmoja wa kwao, akaimega sehemu tatu sawasawa, yake ikiwa ndogo. Komanda alipofika alituangalia, akaangalia Madame, akauliza ni fundi gani aliyeinua gari namna hiyo. Sadiki akanionyesha kwa kidevu. Komanda akatikisa kichwa, akaamuru mti uinuliwe.

Njia ilikuwa inafungwa alasiri, kwa hiyo tuliishia Oicha. Mwalimu mmoja kutoka Kasai, ambaye mshahara wake ulikuwa umepotea na vita, alitupa chumba chake na yeye akalala kwa jirani. Tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, na kopo moja la samaki kwa watu wanne, jirani akiwamo. Mungu ambariki mwalimu yule popote alipo.

Eringeti

Alhamisi mapema tulifika. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa kwenye vipande vya mbao, uso umepungua. Aliniuliza kwanza kama Koko imepona ule ugonjwa wa kutoa moshi.

Sadiki alibaki nje. Kwa Mama hizo ni desturi za wazee wake na hazina mchezo: mukwe na mama ya mke hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawatazamani machoni. Sadiki ni Mwislamu, kwao mambo ni mengine kidogo, lakini tangu amwoe Kavira ameishika desturi ile kuliko sisi wenye nayo. Alimsalimu Mama kutoka uani, ameelekea ukutani, na Mama akamjibu akiwa amejifunika kitenge mpaka pua.

Tulikuwa tumekubaliana tangu Butembo kwamba Mama atalala ndani ya Madame, maana hata mimi na ubishi wangu nilijua ipi ni laini. Tulimbeba juu ya mlango uliong'olewa. Alipoona tunaelekea wapi, akashika ukingo wa mlango.

“Hapana hii,” akasema. “Munipandishe mu gari ya Kambale.”

Wandugu, jinsi nilivyofurahi! Muuguzi alijaribu kumwambia, mjomba alijaribu, Mama akafunga mdomo. Na mimi badala ya kuuliza sababu nilimtazama Sadiki kama mtu aliyeshinda kesi. Mwanamke wa shamba, nikasema, anajua chuma kizuri akikiona. Tulihamisha godoro, tukamlaza ndani ya Koko, tukaondoka.

Eringeti mpaka Mbau

Sehemu hii sipendi kuieleza, lakini mlitaka njia yote.

Niliendesha polepole, kwa uaminifu. Ila polepole ya Koko si polepole. Kila shimo la kushoto lilifika kulia, kila jiwe lilipanda kwenye ponti, kwenye lame, kwenye sakafu, kwenye godoro. Kila mara nikamwuliza Mama kama yuko salama, na kila mara akajibu ndiyo, muzuri, endesha. Nikaendesha. Nilikuwa hata ninaimba. Nilimsimulia kwa sauti jinsi ponti inavyoshika matope, jinsi baba wa gari zote walivyotengenezwa hivyo. Mbele yangu Madame ilikuwa inapita mashimo yaleyale kwa kuinama tu, nyuma yake kukiwa kutupu.

Mbau tulisimama kupoza injini. Mwanamke mmoja aliyeuza ndizi za kuchoma alikuja na maji, akapanda nyuma kwa Mama bila kungoja ruhusa. Wakazungumza Kinande kwa sauti ya chini. Nilikuwa nakula ndizi yangu, nimeegemea bodi, ninajisikia vizuri. Yule mama wa ndizi akashuka na kitambaa mkononi. Kilikuwa kile Mama alichokuwa amekiuma njiani, na kilikuwa na damu, kwa sababu alikuwa ameuma na mdomo.

“Weye dereva,” akaniambia, “mama yako hapana kuchagua gari yako. Ameona haya. Atalala namna gani mbele ya mukwe wake, miguu wazi, na mukwe anaendesha? Anakufa na heshima yake hapa nyuma, na weye unaimba.”

Niliiweka ndizi chini. Nilipanda nyuma, nikamkuta Mama amegeuza uso. Jasho limelowanisha godoro. Nilimwomba msamaha, akaniambia hakuna kitu, nisipige kelele Sadiki asisikie. Nililia kwa mara ya pili, na safari hii kulikuwa na watu wengi zaidi.

Sadiki alikuwa amesikia. Hakusema neno juu ya Mama; desturi hairuhusu, na yeye ana adabu. Alikuja kwangu, akanitupia funguo za Madame.

“Weye njo mutoto wake,” akasema. “Endesha hii. Miye nipe ile punda yako.”

Lilikuwa jambo dogo kiasi kwamba hadi leo ninaona aibu hatukuliona Eringeti. Kwa miaka mitatu hakuna kati yetu aliyekubali kushika usukani wa gari ya mwenzake, ndiyo maana halikutujia kichwani. Tulikuwa tayari kumwua mama wa watu kwa kiburi cha viti viwili. Tulimhamisha. Yule mama wa ndizi alikataa nimlipe, akanisukuma mkono. Nikamwambia *wasingya*, asante ya kwetu, akaniambia asante hiyo nimpe Mungu na niache kuimba.

Mbau mpaka Beni

Hapa nikubali mbele yenu wote. Nilivuka mashimo kwa Madame na nikasikia nimekuwa mjinga kwa miaka mitatu. Gurudumu la kushoto linashuka, la kulia linabaki juu, na sisi ndani tunapita katikati kama hatuhusiki. Baada ya muda sikusikia kitu nyuma, nikaogopa, nikageuka. Mama alikuwa amelala usingizi. Ulikuwa usingizi wake wa kwanza tangu aanguke.

Nyuma yangu Sadiki alikuwa anarushwa ndani ya Koko. Tulipofika Beni, kwenye nyumba ya shangazi yake mtaa wa Beu, alishuka ameshika mgongo na kuniuliza kama huwa ninalipwa kukaa mle ndani.

Ila nilipokata kona kuingia uani, nilisikia kitu. Tak, tak, tak, upande wa gurudumu la kushoto la mbele. Kila fundi anaijua sauti hiyo. Ni kardani inayolia. Nikazima injini haraka, kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto kanisani.

Nilipaswa kusema. Lakini kusema ni kusema pia kwa nini, na kwa nini ni bulo zangu. Nikajidanganya kwamba itafika Butembo. Shangazi alituletea chai ya tangawizi na wali wenye samaki wa ziwani, Mama akapelekewa wa kwake chumbani, akala wote. Nilikula vizuri na sikulala vizuri.

Kabasha

Ijumaa mvua ilianza kabla hatujaanza kupanda. Chini ya mlima wa Kabasha tulikuta lori sita zimesimama nyuma ya shimo moja la matope, lori la saba liko ndani mpaka nusu ya magurudumu. Saa nne hivi asubuhi. Nilihesabu: leo tukilala hapa, kesho daktari anaruka.

Watu walikuwa wanachimba kama kawaida. Tulishuka na majembe yetu, tukachimba. Dereva wa lori la mbele aliitwa Paluku, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, na alipoambiwa ndani ya Madame kuna mgonjwa alipita lori kwa lori kuzungumza na wenzake. Walikata njia ya pembeni kwenye ukingo, upana wa jeep tu. Hakuna hata mmoja wao ambaye njia ile ingemsaidia. Lori zao zisingeweza kupita pale. Walichimba mpaka adhuhuri kwa ajili ya mtu wasiyemwona, na nikiwaambia ninashukuru, hilo ndilo la kwanza.

Koko ikapita kwanza, Sadiki kwenye usukani. Ilitambaa na ponti yake, upande ukipanda na upande ukishuka, tumbo halikugusa. Madereva wakaishangilia. Kisha mimi. Katikati, pale ambapo njia inapinda, nikakata usukani na kutia nguvu, nikasikia tak moja kubwa, halafu gurudumu la kushoto likawa halivuti tena. Madame ikarudi nyuma kidogo, ikakaa kwa tumbo, ikainama upande wa bonde. Maji ya mvua yakaanza kupita chini ya mlango.

Nilitoka kwa dirisha. Niliogopa nikikanyaga upande mbaya itaendelea kuinama, basi nikashika bodi kwa juu pamoja na madereva watano kuizuia isilale. Mama alipaswa kutoka, upesi. Mikono yote ilikuwa kwenye gari. Mtu aliyebaki huru alikuwa mmoja, anakuja mbio kutoka kwa Koko.

Sadiki alifika kwenye mlango wa nyuma akasimama. Nilimwona anatafuta mtu mwingine. Hakukuwa na mwingine. Basi akafunga macho. Sisemi aliangalia pembeni, aliyafunga kabisa. Akaingiza mikono chini ya godoro jembamba, akamwinua Mama pamoja na godoro na mbao za mguu, akamweka kifuani. Mama akavuta kitenge akafunika uso wake wote. Gari ilipopungua uzito, Paluku, ambaye ni Munande kama sisi na alielewa mara moja, aliachia bodi akawa anatembea mbele ya Sadiki akirudi kinyumenyume na kumwongoza kwa sauti.

“Kushoto. Simama, kuna jiwe. Inua muguu. Sasa mbele, polepole. Mbele.”

Mvua inanyesha, na mtu mmoja anapanda matope ya Kabasha amefumba macho, amembeba mama ambaye hawezi kumtazama. Nilikuwa nimeshika bodi, sikuweza kupangusa uso. Alimlaza chini ya turubai ya Koko, akageuka, ndipo akafumbua.

Mengine ni ya ufundi. Tulichimba chini ya tumbo, tukatoa nguvu za mbele za Madame ili nyuma peke yake isukume, tukafunga kamba, na Koko ikaivuta mpaka pakavu. Mlima ulikuwa bado mrefu na mtelezo. Kumwacha Mama kwenye Koko mpaka juu, hapana, nilikuwa nimejifunza. Tulimrudisha kwenye Madame, safari hii mimi na Paluku. Tukapanda hivyo: Koko mbele ikivuta, Madame nyuma ikibeba, kamba katikati, Sadiki katika gari yangu na mimi katika gari yake. Madereva wawili walitusindikiza kwa miguu na mawe ya kuweka nyuma ya magurudumu, mpaka walipoona hatuwahitaji.

Butembo

Tulifika kabla giza halijaingia. Daktari alimtazama Mama usiku huohuo na kesho yake asubuhi akamwingiza kwenye chumba cha kupasulia, sanduku lake la safari likiwa tayari mlangoni.

Mimi na Sadiki tulikaa kwenye ukuta wa ua, nguo bado na matope. Alianza yeye. Aliniomba msamaha kwa ajili ya gari yake, kwamba magoti yake yametuangusha mahali pabaya, na kwamba labda nilikuwa na haki miaka yote. Ningeweza kunyamaza. Ninyi mngenisifu leo, na swali lenu lingekwisha.

“Shemeki,” nikamwambia, “kardani njo miye niliiua. Nilikaza zile bulo mingi, na nilijua. Na juzi Beni niliisikia inalia, nikanyamaza.”

Hakushtuka. Alikwangua tope kwenye goti kwa kucha.

“Miye pia nilijua,” akasema. “Ijumaa asubui nilikuwa natawaza kwa ajili ya sala karibu na gurudumu. Niliona grisi imeruka mu jante, kwa chuma ya gurudumu.”

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

“Ningesema, ungemurudisha mama mu Koko. Nilipima. Kardani banauzisha kule Kampala. Ule mama banauzisha wapi?”

 Yeye alinyamaza ili Mama asiumie, mimi nilinyamaza ili nisiaibike, na gari ni moja na kunyamaza ni kumoja. Nilishika mkono wake, tukakaa hivyo mpaka muuguzi alipotoka kutuambia kwamba mguu umekaa mahali pake.

Daktari aliondoka na ndege yake. Wiki ile ile Sadiki alimtumia Mama kuku na kitenge kipya kwa mkono wa Kavira, kwa sababu wazee wanasema ukiruka heshima kwa lazima, unaipangusa kwa zawadi. Mama alikivaa kitenge siku alipoacha magongo. Mimi nilizilegeza bulo za Madame, nikarudisha mbele yake mahali pake, na nikapandisha kardani mpya. Sadiki hajaomba tena iinuliwe. Mganga hajigangi, lakini akiaibika vya kutosha anaweza kujifunza.

Kwa hiyo mnauliza ipi imeshinda. Jumapili iliyopita tulikuwa tunakwenda Beni, mtoto wa Kavira anakaribishwa kwa shangazi ya Sadiki. Mama alikuja garajini na fimbo yake, anatembea, anachechemea kidogo tu. Nilikuwa nimeiosha Koko na kuweka mto kwenye kiti. Aliipita. Sadiki alikimbia kumfungulia mlango wa nyuma wa Madame, macho chini. Mama akaupita na huo, akafungua wa mbele mwenyewe, akapanda, akaweka kikapu chake kati ya kiti chake na cha mukwe wake, akatazama barabara mbele. Sadiki alisimama pale nje muda mrefu, funguo mkononi, kabla ya kwenda kukaa upande wa pili wa kikapu.

Kisha Mama akatoa kichwa dirishani.

“Kambale, weye ufuate nyuma. Kama tunakwama, utatukokota.”